Tabo isije ikawa tabu

JUMAPILI iliyopita nilimalizia kwa ahadi kwamba ningekusimulia, msomaji mpenzi, jinsi mimi na ndugu yangu mdogo tulivyoifungua injini ya pikapu ya marehemu baba na kuitia tabo kwa mikono yetu wenyewe. Ahadi ni deni, nami leo nalilipa. Nitakueleza tuliyoyafanya vyema na tuliyoyakosea, kwa maana kosa moja dogo nusura litupokonye gari, na pengine mtu.

Kwanza uijue pikapu yenyewe. Ni ya dizeli, injini yake ni ya lita 2.4, na baba aliinunua ikiwa tayari imetumika. Alipofariki mwaka 2016, ndugu yangu aliacha kazi ya ukarani dukani akashika usukani. Tangu hapo hubeba nyanya na vitunguu kutoka mashamba ya Naivasha hadi soko la Wakulima jijini Nairobi, lile ambalo wengi wetu tumezoea kuliita Marikiti. Safari hizo ndizo zinazomlipia kitinda mimba wetu karo ya chuo huko Eldoret, na ndizo zinazomnunulia mama dawa zake za presha. Kwa ufupi, gari hilo si pambo la barabarani. Ndilo sufuria ya nyumba yetu.

Tatizo lilikuwa mlima wa Mai Mahiu. Anayeujua mteremko huo wa Bonde la Ufa anafahamu kwamba kuuteremka ni jambo moja na kuupanda ukiwa na mzigo ni jambo jingine kabisa. Pikapu ikishajazwa kreti za nyanya, iliupanda kwa gia ya pili ikitoa moshi mweusi na kulia kama mgonjwa wa pumu. Malori yaliipita. Wakati mwingine ilibidi ndugu yangu aegeshe kando ili radieta ipoe. Alipofika Marikiti, wanunuzi wakubwa wanaokuja kabla ya alfajiri walikuwa wamekwisha kwenda zao, na bei ilikuwa imeshuka. Nyanya ni kama habari za gazeti. Zikichelewa hakuna anayezitaka.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilipokwenda nyumbani kwa likizo, nilimkuta akizungumza na dalali wa magari. Alitaka kuiuza pikapu na kukopa anunue kubwa zaidi. Tulipokaa usiku kupiga hesabu tukaona kwamba mkopo huo ungetumeza. Hapo ndipo akasema, "Dada, kuna njia nyingine. Tuitie tabo."

Mama, aliyekuwa akipepeta maharagwe, aliinua kichwa. "Hilo gari ndilo baba yenu alilotuachia," akasema. "Mkiliua, mtakuwa mmemzika mara ya pili." Hakusema zaidi, na sisi hatukuwa na jibu.

Hewa nyepesi

Huenda unajiuliza tabo ni nini. Ni kile chombo kiitwacho tabochaja, ambacho mafundi wetu wamekifupisha ili wasipoteze muda. Ili ukielewe, kumbuka kwamba injini huchoma mafuta kwa kutumia hewa, kama vile jiko la makaa linavyohitaji kupepewa. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe. Ikiwa Mombasa, kando ya bahari, hewa ni nzito na inatosha. Lakini kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano. Ukifika kileleni mwa mlima wa Mai Mahiu, ambako ni zaidi ya mita 2,000, upungufu ni zaidi ya moja kwa tano. Injini yako inaendelea kula dizeli ile ile huku ikinyimwa pumzi. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haichomeki yote, na ndiyo ule moshi mweusi uliokuwa ukiwachafua watembea kwa miguu.

Tabo hutibu ugonjwa huo kwa ujanja. Ina feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi wa moto unaotoka katika injini, ambao kwa kawaida hupotea bure kupitia ekzosi, hupitishwa kwenye feni ya kwanza na kuizungusha. Feni ya pili, iliyo upande wa pili wa shafti, huzunguka pamoja nayo, ikavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikizidi, unaweza kuongeza mafuta kidogo, na nguvu hupatikana bila kuipanua injini yenyewe.

Usidhani ni mchezo. Injini ya pikapu yetu ikikanyagwa hadi mwisho haifiki mizunguko 5,000 kwa dakika. Shafti ya tabo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na upande mmoja wake unaokwa na moshi wenye joto la mamia ya digrii. Inachoiokoa ni utando mwembamba wa oili. Shafti hiyo haigusi chuma, huelea ndani ya oili. Oili ikikatika kwa sekunde chache tu, tabo imekwisha.

Uvumbuzi huu si wa jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliusajili mwaka 1905, na kwa miaka mingi ulitumika katika injini kubwa za dizeli, zikiwamo za meli. Magari madogo ya kuuzwa kwa umma yalianza kuupata mwaka 1962 kule Marekani. Hapa kwetu, wengi waliufahamu kupitia mbio za Safari Rally. Toyota Celica iliyokuwa na tabo ilishinda mbio hizo mwaka 1984 ikiendeshwa na Björn Waldegård, ikashinda tena mwaka 1985 mikononi mwa Juha Kankkunen, na 1986 Waldegård akarudia. Mbio hizo ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kitovu chake kilikuwa Naivasha kwetu. Basi usimlaumu kijana wa Naivasha akiota tabo usingizini.

Grogan

Mjini Nairobi, ukitaka spea iliyotumika, unakwenda barabara ya Kirinyaga, ambayo hadi leo watu huiita Grogan. Tulifika huko Jumanne asubuhi tukiwa na akiba yangu kutoka chama cha ushirika cha kazini. Kijana wa kwanza alituonyesha tabo iliyong'aa kama sufuria mpya, akaapa kwamba haijawahi kutumika. Wa pili akatuambia ile ya kwanza ilipakwa rangi usiku. Wa tatu alikuwa mzee wa makamo aliyevaa ovaroli lililokwisha rangi. Hakuapa chochote. Aliuliza kwanza swali ambalo wenzake hawakuuliza.

"Injini yenyewe mnaijua hali yake?"

Ndugu yangu akasema ni nzima. Mzee akacheka. "Binti yangu," akanigeukia mimi, "tabo haiponyi injini mgonjwa. Inaimaliza. Nendeni mkapime kompresheni ya silinda zote nne. Fungueni kifuniko cha oili injini ikinguruma mwone kama inapumua moshi. Angalieni kama inapoteza maji. Ikiwa moja ya hayo iko, weka pesa zako mfukoni ukatengeneze injini kwanza."

Tulirudi Naivasha bila tabo. Nakiri kwamba nilinuna. Lakini fundi wa mjini alipotupimia, silinda zote zilikuwa karibu sawa, na maji hayakupungua. Alhamisi tulirudi kwa mzee yule. Akatufundisha jinsi ya kuikagua tabo iliyotumika: unaishika shafti kwa vidole na kuitikisa. Ikicheza kidogo upande kwa upande si neno, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya oili. Ikicheza mbele na nyuma, iache. Kisha unaizungusha huku ukiisukuma kando, na feni haipaswi kukwaruza ukuta wake. Unatazama pia mapanga ya feni kama yamepinda au kumenyeka. Alituchagulia iliyotoka kwenye injini ya ukubwa kama wetu, pamoja na manifoldi yake, kwa maana tabo kubwa mno huchelewa kuamka na ndogo mno huikaba injini.

Tulipokuwa tukiondoka alituita. "Siku mtakayoiwasha mara ya kwanza," akasema, "muwe na kibao kipana mkononi. Injini ya dizeli ikikosea, ufunguo hausikii. Inazimwa kwa kuzibwa pua." Ndugu yangu alicheka hadi tulipofika steji ya matatu. Mimi pia nilitabasamu, lakini nikaliandika kwenye daftari langu, kama nilivyofunzwa chuoni kuandika kila kitu.

Gharama zetu zilikuwa hivi. Tabo na manifoldi yake, Sh35,000. Gasketi na mipira ya oili, Sh9,500. Kuchomelea bomba la ekzosi na kutoboa sampu, Sh8,000. Geji mbili, Sh7,000. Oili na filta, Sh6,500. Dawa ya radieta, Sh2,000. Jumla Sh68,000. Nilizitazama hesabu hizo nikakumbuka kwamba karo ya muhula ujao haikuwa imelipwa.

Spana na jasho

Kazi tuliifanyia uani kwa mama, chini ya mti wa mparachichi, na ilituchukua siku nne. Siku ya kwanza tulikata waya wa betri, tukamwaga maji na oili, tukaanza kufungua manifoldi ya zamani. Bolti mbili zilikuwa zimeshika kutu. Ndugu yangu alitaka kuzilazimisha. Nikamsihi tuzipake mafuta ya kupenya na kuziacha zilale usiku mzima. Kesho yake zilifunguka bila ugomvi. Laiti moja ingekatikia ndani ya silinda hedi, likizo yangu ingeishia hapo.

Siku ya pili tulishusha sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, tukalipeleka kwa fundi wa kuchomelea mjini. Oili huingia katika tabo kwa msukumo kupitia bomba jembamba, lakini hutoka kwa kuporomoka yenyewe. Kwa hiyo bomba la kutokea lazima liwe nene, literemke bila kona, na limwage juu ya kiwango cha oili kilichomo ndani ya sampu. Hayo yote tuliyajua. Tuliyasema kwa sauti. Na bado tulikosea, kama utakavyoona.

Bomba la kuingizia oili tulilichukua mahali panapokaa kiwambo cha taa ya oili. Hapa mzee alikuwa ametuonya tusizungushe ule utepe mweupe wa mafundi wa mifereji, kwani vipande vyake hukatika na kwenda kuziba tundu dogo la tabo. Tulitumia vikole vya shaba.

Siku ya tatu tulifunga tabo, manifoldi na bomba jipya la ekzosi lililo pana kuliko la zamani. Kila tundu lililokuwa wazi tuliliziba kwa kitambaa safi, na kila kitambaa nilikihesabu. Huo si utani. Nati moja ikidondokea ndani ya bomba la hewa itafyonzwa na feni, na vipande vyake vitaingia kwenye silinda. Tulisogeza mpira wa dizeli na waya zote mbali na tabo, tukakata bati la kukinga joto. Gari lililofungwa tabo nyumbani linaweza kuungua kwa sababu hiyo, mpira wa mafuta kuegemea chuma chenye moto.

Siku ya nne, Jumamosi, tulitia oili mpya na filta mpya. Tulichomoa waya unaoipa umeme pampu ya dizeli ili injini isiwake, tukapiga stata mara kadhaa kwa sekunde chache chache mpaka taa ya oili ikazimika. Hivyo tabo ilikunywa oili kabla ya kuanza kukimbia. Bomba la filta ya hewa hatukulifunga, kwa maana ndugu yangu alitaka tuione feni ikizunguka. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa kwenye ua kana kwamba ni sarakasi.

Nilikumbuka neno la mzee. Nikaingia jikoni, nikachukua kibao cha chapati. Mama alikuwa na unga mikononi. "Na hicho nacho mnakipeleka wapi?" akauliza. Nikamwambia nitakirudisha sasa hivi.

Kibao

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Ndugu yangu alinipungia mkono kutoka ndani ya gari, meno yote nje. Sauti ilikuwa mpya, yenye mluzi mwembamba juu ya mngurumo wa zamani. Tuliiacha inguruma polepole kama dakika tatu. Kisha moshi wa ekzosi ukageuka rangi. Haukuwa mweusi tena. Ulikuwa wa buluu na mzito. Kabla sijapata neno la kusema, injini ilianza kupandisha sauti yenyewe.

Nilidhani ndugu yangu amekanyaga. Nikampigia kelele aache. Akainua miguu yote miwili juu ili nione. Akazima kwa ufunguo. Injini ikazidi. Akauchomoa ufunguo kabisa akanionyesha kupitia kioo, na uso wake sitausahau. Gari zima lilikuwa likitetemeka, moshi umefunika ua, na sauti imekuwa yowe. Watoto walikimbia. Mtoto mmoja wa miaka mitatu alibaki amesimama karibu na gurudumu la mbele akilia, na mama akatoka jikoni mbio akamnyakua.

Sitajidai jasiri. Kwa sekunde kadhaa nilisimama tu, kibao kimening'inia mkononi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kisha nikasogea, nikakibandika kile kibao juu ya mdomo wa tabo na kukishikilia kwa mikono miwili. Kilivutwa kwa nguvu nisiyoitarajia. Injini ilikohoa, ikatikisika mara mbili, ikazima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Ndugu yangu alishuka, akakaa chini ardhini. Mama alikuwa bado amemshika yule mtoto. Alitutazama sote wawili, akasema, "Haya. Sasa mtafute kosa. Hamtaliacha hivyo."

Tulilitafuta. Halikuwa mbali. Ule mpira mnene wa kurudishia oili tulikuwa tumeukata mrefu kupita kiasi, ukapinda nyuma ya mguu wa injini na kujikunja kama koo la kuku aliyenyongwa. Oili ilikuwa ikiingia kwenye tabo lakini haikupata njia ya kutoka. Ikajaa, ikapenya kando ya sili za shafti, ikavutwa na feni hadi ndani ya silinda. Injini ya dizeli haibagui. Oili nayo huungua kama dizeli. Ufunguo hukata dizeli tu, na injini iliyokuwa ikijilisha oili yake yenyewe haikuwa na habari na ufunguo. Kama gari lingekuwa barabarani, dawa nyingine ingekuwa kuingiza gia kubwa, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachilia klachi ili ikwame. Mkono haufai kamwe kuuziba mdomo huo. Feni ile haina huruma na vidole.

Jioni hiyo hatukuiwasha tena. Jumapili baada ya ibada tulifungua mabomba yote ya hewa tukayafuta oili hadi yakakauka, kwa maana oili ikibaki humo injini itaanza mbio upya. Tulikagua shafti, ilikuwa salama. Tulikata mpira ule kwa karibu nusu, ukashuka wima hadi kwenye sampu. Tukatia oili nyingine, na hapo Sh68,000 zikawa zaidi ya Sh72,000. Tukapiga stata bila dizeli kama kwanza. Tulipoiwasha, kibao kilikuwa mkononi mwa ndugu yangu mwenyewe. Hakucheka. Injini ilinguruma nusu saa nzima bila moshi wa buluu hata chembe.

Mlima

Wiki iliyofuata tulikwenda kuijaribu. Kilango cha kupunguzia msukumo tulikiweka chini, tabo isipite paundi 7. Tulikuwa na geji moja ya msukumo huo na nyingine ya joto la ekzosi. Hii ya pili ndiyo muhimu zaidi kwa injini ya dizeli, kwa kuwa ukiongeza mafuta bila kiasi joto hupanda, na pistoni huyeyuka au silinda hedi hupasuka kabla hujasikia dalili yoyote. Tulikubaliana kwamba sindano ikikaribia digrii 700 mguu uinuliwe, hata kama lori la nyuma linapiga honi. Skrubu ya pampu ya dizeli tuliisogeza kidogo sana, tukapanda, tukatazama geji, tukarudi tukasogeza tena kidogo.

Kwa mzigo ule ule wa kreti, pikapu iliupanda mlima wa Mai Mahiu kwa gia ya tatu sehemu kubwa ya njia. Moshi mweusi ulipungua mno. Haikugeuka gari la mashindano, na malori matupu bado huipita. Lakini ndugu yangu hufika Marikiti wakati wanunuzi bado wana pesa mfukoni. Karo ya muhula ule ililipwa, ingawa kwa kuchelewa wiki mbili.

Jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria ni breki. Gari linalopanda upesi litateremka upesi vilevile. Baada ya safari chache tulibadilisha breki za mbele na mipira yake, na nadhani fedha hizo ndizo nilizozitumia kwa busara zaidi.

Kwako wewe kijana

Najua kuna mwanafunzi anayesoma haya akiwa na macho kwenye gari la babake lililoegeshwa nje. Kijana wangu, nisikilize. Ikiwa gari hilo ni la petroli, kazi ni ngumu zaidi ya yetu. Injini ya petroli iliyoundwa bila tabo hubana hewa kwa kiwango chake. Ukiisukumia zaidi, mafuta hujilipukia kabla ya wakati, injini hugongagonga, na pistoni hutoboka. Huko utahitaji mtu wa kupanga upya mafuta na moto wa plagi, na mara nyingi pistoni za aina nyingine. Usianzie hapo.

Kwa mwenye dizeli, pima afya ya injini kwanza. Nunua tabo baada ya kuitikisa, si baada ya kuisifu. Bomba la kurudishia oili literemke wima. Inyweshe oili kabla ya kuwasha. Watoto wakae mbali siku ya kwanza, na kosa letu hilo la kuwaacha waje ndilo linaloniuma hadi leo. Uwe na kibao. Baada ya hapo badilisha oili mapema kuliko ulivyozoea, na ukitoka kwenye mlima au safari ndefu usizime gari papo hapo. Liache lingurume dakika moja au mbili ili tabo ipoe huku oili ikipita. Mjulishe pia mwenye bima wako kuhusu mabadiliko hayo, asije akapata sababu ya kukukana siku ya ajali.

Mzee wa Grogan tulimpelekea debe la nyanya. Aliuliza jambo moja tu, "Kibao mlikitumia?" Ndugu yangu akatazama chini. Mzee naye hakucheka, akasema wengi humrudia na habari nyingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulisikia nusu tu, ikatutosha.

Mama tulimnunulia kibao kipya cha chapati. Kile cha zamani, chenye duara jeusi la oili katikati, alikataa kukitupa. Kimewekwa nyuma ya kiti cha pikapu, na ndugu yangu haondoki Naivasha bila kuhakikisha kwamba kipo.